Kocha wa Jumapili Ijayo

Alizaliwa wapi na akina nani, sijui. Miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta sikumuuliza, naye hakusema. Tulimkuta na kipenga shingoni, tukamwita Kocha. Watoto walimwita hivyo, wakubwa walimwita hivyo, hata imamu anapowaombea wagonjwa siku hizi humtaja kwa hilo hilo. Ninachokijua ni alivyoishi, na hicho nakijua barabara, kwa sababu ukuta kati ya nyumba zetu ni wa udongo na juu hauna dari. Akikohoa yeye, naamka mimi.

Nyumba yake ilijaa vitu vipya. Usidhani alikuwa tajiri. Alikuwa mtu wa kuweka. Friji lilikaa ndani ya boksi lake, juu yake ametandika gazeti, akaligeuza meza ya kulia. Kitanda cha mninga kilivishwa nailoni tangu dukani, na yeye analala mkekani, chini, pembeni yake. Saa ya ukutani hakuitia betri, isije ikachoka. Baiskeli aliining'iniza kwenye boriti kwa kamba, huku akienda sokoni kwa miguu, ndala zimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

"Kocha," nilimwambia siku moja, "hilo friji utalifungua lini?"

"Lipo, Bi mkubwa. Likihitajika, lipo."

"Samaki wako wananuka mpaka huku kwangu."

"Ndiyo maana nakupa wote."

Na kweli alinipa. Kitu kisichokaa hakuwa na uchoyo nacho hata kidogo. Samaki, maembe, mkate, alimpa yeyote apitaye. Alikuwa mkarimu kwa vinavyooza na bahili kwa vinavyodumu, na sijui nimwite nini mtu wa namna hiyo. Alikuwa na mke, mwanamke mpole kutoka Mlingotini. Asubuhi moja mke huyo alikuja kuniaga na kifurushi kichwani. "Mama," akasema, "nimechoka kulala chini pembeni ya kitanda kipya." Sikumzuia. Mimi ningeondoka mapema zaidi.

Ungemwona sokoni usingeamini kuwa ni huyo. Asubuhi alikuwa dalali wa mnada wa samaki, pale ufukweni, na sauti yake ilifika mpaka kwa wakaanga samaki upande wa pili. Anainua nguru kwa mkia, anapokea bei kulia, anapokea bei kushoto, anapiga kofi moja, mambo yamekwisha. "Amechukua mama wa kanga nyekundu! Aliyechelewa akale mchicha!" Mteja akisitasita anasutwa hadharani: "Mama, huyu ameshakufa, hafi tena kwa kukusubiri wewe!" Watu wanacheka, mama anatoa pochi. Sijaona mtu mwingine aliyeamua upesi namna ile.

Jioni mtu huyo huyo akivuka mstari wa chokaa pale uwanjani anakuwa mwingine kabisa. Sauti inashuka. Akikasirika ndipo adabu inazidi. "Ndugu yangu, ulikuwa unakwenda wapi na mpira ule?" Mchezaji akiitwa ndugu yangu anajua amevuruga. Siku ya mechi hakukaa kamwe. Alisimama mahali pamoja, karibu na kisiki cha mnazi, akisugua mchanga kwa kisigino mpaka pakachimbika, na mvua ikinyesha bata wangu wanakwenda kuoga humo. Na yeye asiyekaa ndiye aliyewakalisha wenzake. Kijana akimwuliza lini atapangwa, jibu lake lilikuwa "kaa uangalie." Akiulizwa tena, "Jumapili ijayo." Mechi zetu za mchangani huchezwa Jumapili, na katika mtaa huu mzima hakuna aliyezingojea Jumapili kama waliokaa benchi la Kocha.

Nilimwuliza. Mimi huuliza. "Kocha, sokoni unaamua kama radi. Huku uwanjani una nini?"

"Bi mkubwa, samaki ukimkosea bei ni hasara ya siku moja. Mtu ukimkosea nafasi..."

Hakumaliza. Hiyo nayo ilikuwa tabia yake, maneno aliyaacha njiani ukayamalize mwenyewe.

Yeye mwenyewe alikuwa kipa, zamani. Hili alinieleza mara moja tu, amekaa kwenye baraza yangu akinisubiri nimshonee kipenga kamba mpya. Alikuwa kipa wa akiba. "Nilikaa nyuma ya mtu ambaye hakuumwa hata mafua," akasema. "Siku alipoondoka yeye, magoti yangu nayo yalikuwa yameondoka." Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati ule mjukuu wangu alikuwa kwenye benchi lake, na nilianza kuelewa nani anarudia nini.

Sasa nieleze uwanja, maana bila uwanja mtu hatajua Kocha alibanwa wapi. Uwanja wetu si wa serikali wala si wa timu. Ni shamba la mzee mmoja wa mtaa wa pili. Minazi yake iliugua ikafa, akawaambia vijana chezeni hapo kwanza. Maneno ya mdomo, basi, hakuna kilichoandikwa. Mzee huyo mtoto wake wa mwisho ndiye kipa namba moja. Kijana si mbaya. Ana heshima, akikupita anakuamkia. Ila mipira ya juu inamshinda, akiiona inakuja anafumba macho kama anayemwagiwa maji. Kila Jumapili mzee huletewa kiti cha plastiki, anakaa nyuma ya goli la mwanawe, bakora mapajani.

Hajapata kusema, mkimtoa mwanangu nachukua shamba langu. Hakuhitaji kusema. Mara moja Kocha alimpumzisha yule kijana, alikuwa ametoka kuugua homa. Asubuhi ya pili tripu nzima ya matofali ilikuwa imemwagwa katikati ya goli. Mzee alipita hapo akipiga mswaki wake. "Nafikiria kujenga," akasema, kama mtu anayezungumzia mawingu. Jumapili iliyofuata kijana alirudi golini, na matofali yakasogezwa mpaka pembeni ya kona. Hayakuondolewa. Yako pale mpaka leo, yameota nyasi, na kila apigaye kona huyaona.

Mjukuu wangu, Saidi, nimemlea tangu anatambaa. Ana mikono mirefu, kitu kikianguka jikoni kwangu hakifiki chini. Kuwa kipa hakufundishwa na mtu. Kocha alimchukua msimu mmoja, akamwambia kaa uangalie, akakaa. Misimu minne. Jumamosi nilimfulia jezi. Jumapili jioni alirudi nayo ina mikunjo ile ile niliyoikunja mimi, na Jumamosi nikaifua tena, safi hivyo hivyo, kwa sababu mchezaji hawezi kwenda na jezi isiyofuliwa.

Sisi bibi na mjukuu hutaniana, yeye ni mume wangu. Nilikuwa namngojea barazani, nasuka ukili wa mkeka.

"Mume wangu, leo umecheza?"

"Jumapili ijayo, mke wangu."

"Wewe utaniacha mjane nikingojea Jumapili."

Mwanzoni tulicheka. Msimu wa tatu tulikuwa tunasema tu, hakuna anayecheka. Binamu yake alimwita Dar, gereji, kazi ya kupaka magari rangi. Hakwenda. Alisema Kocha amemwambia kipa namba moja anaumwa bega, huenda Jumapili ijayo. Bega likapona. Gereji ikapata mtu mwingine. Kijana akawa anaingia ndani saa za mchana anajilaza, kandambili miguuni, macho kwenye mabati. Ukimwita anaitika vizuri. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba anaitika vizuri.

Alicheza mara moja. Tulikuwa tunacheza na Mlingotini, kipa wetu akateguka kidole kipindi cha pili. Kocha alisugua mchanga, akatazama benchi, akamtazama mzee kwenye kiti, akatazama benchi tena. Mwamuzi akamhimiza. Ndipo akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, "Saidi, nenda." Sikujua kuwa uwanja ule una watu wengi hivyo mpaka walipopiga kelele. Mlingotini walipewa penalti. Mjukuu wangu akaiangukia kama paka, akaibana kifuani, akabaki nayo amelala pale pale, haamki. Nilidhani ameumia. Kumbe alikuwa hataki kuiachia.

Jumapili iliyofuata kipa namba moja akarudi, kidole kimefungwa kitambaa cheupe. Saidi akarudi benchi.

Nilikwenda kwa Kocha. Sikupiga hodi mara mbili.

"Kocha, mjukuu wangu ni kipa au ni friji?"

Alikuwa anakula juu ya boksi. Akaweka tonge chini. "Bi mkubwa, kaa."

"Sikai. Kukaa kwenu nimekuona."

"Nikimpanga yeye, wiki hiyo hiyo tunachezea barabarani. Vijana ishirini na kitu nitawapeleka wapi?"

"Basi mwache aende timu nyingine."

"Na yule akivunjika? Nani atasimama?"

"Kwa hiyo huyu umemfunga."

"Sijamfunga, Bi mkubwa. Nimemweka."

"Mwenye kukaa anaona tofauti gani?"

Alitazama tonge lake. Nataka niwe mkweli juu ya mtu huyu: hakuwa na hila. Mzee wa shamba alimshika upande huu, timu ikamshika upande ule, na katikati alikuwa na ile tabia yake ya kuweka. Alimpenda Saidi. Alimpenda kama alivyokipenda kile kitanda.

Watu wa timu ya Miono, huko ndani mbali na bahari, walikuja baada ya mechi ile. Penalti ilikuwa imesafiri. Walikuja watatu. Mwenyekiti wao, Mkwere mmoja mnene mwenye kofia ya majani, akaja na nanasi kila mkono. Tulikaa kwenye baraza yangu kwa kuwa kwa Kocha hapakuwa na pa kukanyaga. Nikawapikia kahawa, nikakaa mlangoni na ukili wangu.

"Tunamtaka mlinda mlango wenu wa pili," akasema mwenyekiti. "Hamumtumii. Mmemkausha kama samaki wa ng'onda."

"Ninyi Wakwere," akasema Kocha, "hata bahari hamjaioga, mtajua ng'onda?"

"Tunaijua kwa harufu. Mkipanda gari kuja kwetu tunajua mmefika kabla hamjashuka."

Wakacheka, wakapigana viganja. Ule ni utani wetu na wao, bila huo mazungumzo hayaanzi. Kisha mwenyekiti akataja fedha. Kocha akatikisa kichwa. Fedha, alisema, itaingia mifukoni na kutoka. Alitaka kitu kingine, na alipokitaja nilijua alikuwa amekifikiria kwa siku nyingi.

Kule Miono kila mwaka, mavuno yakishaingia, vijana wa vijiji vya ndani hukusanyika kwa mchujo. Wanachezeshwa siku nzima, na wakuu wa timu wanakaa wanatazama. Jioni timu zinachagua kwa zamu, mmoja mmoja. Desturi ni kwamba mwenyeji anaanza, kwa hiyo Miono ndiyo huchukua kijana bora kila mwaka, na wengine hugawana waliobaki. Kocha alitaka zamu hiyo. Katika mchujo ujao achague yeye wa kwanza, na achague tena wa pili, kabla Miono hawajafungua mdomo.

Mwenyekiti alivua kofia. "Unataka tukukabidhi mlango wa nyumba yetu."

"Mnachukua kipa aliyeiva. Mimi nachukua vijana ambao sijawaona. Nani hapo amepunjwa?"

"Unaweza kukuta mwaka huu hakuna kitu."

"Naweza."

Alisema hivyo kwa sauti ya sokoni, upesi, na mimi nikafurahi moyoni. Nikajua mpango wake. Angepata mshambuliaji wa kutisha, na wa pili wa kiungo, timu ifunge matatu, hata kipa akifumba macho akafungwa mawili isiwe neno. Mzee akae kwenye kiti chake, uwanja ubaki, na mjukuu wangu awe ametoka. Ilikuwa akili. Kwa mara ya kwanza nilimwona ametafuta mlango.

Wakainua mikono kusoma Fatiha, ndivyo tunavyofunga mapatano huku. Mmoja wao Mkristo, akainamisha kichwa chake kwa adabu. Mimi nikasema, "Subirini."

Wakanitazama, mikono juu.

"Huyo mnayemsomea si samaki changu aliyelala kwenye kapu. Mmemwuliza?"

Mwenyekiti akamtazama Kocha, Kocha akatazama kahawa. Wanaume wanne, watu wazima, na hapana aliyekumbuka. Nikamwita Saidi. Akatoka ndani, alikuwa amesikia yote, mabati yale hayafichi. Hakuwatazama watu wa Miono. Akachuchumaa mbele ya Kocha.

"Kocha, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Nikibaki, Jumapili ijayo nitacheza?"

Alikuwa anampa nafasi. Nataka mjue hivyo. Kijana alikuwa anamtazama usoni, na angesema ndiyo, hata ya uongo, angebaki, nami nimemlea namjua. Kocha alifungua mdomo. Niliona ulimi wake unatafuta lile neno alilolizoea. Kisha akafunga mdomo.

"Basi nakwenda," akasema Saidi.

Wakasoma Fatiha.

Alipanda gari keshokutwa yake, begi moja. Nilimfungia vitumbua kwenye karatasi. Nikamwambia, "Mume wangu, huko wana baridi asubuhi, usilale bila shuka." Sikusema mengine. Nyumba ilikuwa kubwa kwangu kwa muda mrefu. Ndoo za maji nilizibeba mwenyewe, na goti langu hili likanitukana kila hatua. Jumapili yake ya kwanza alipiga simu. Nyuma yake kelele tupu. "Mke wangu," akasema, "nimecheza. Jezi imechafuka, imejaa udongo mwekundu, hautoki." Nikamwambia ailoweke usiku kucha. Nilipokata simu nilikaa kitambo na lile jambo, kwamba kuna udongo hautoki.

Mavuno yakaingia, na Kocha akaenda Miono kwenye mchujo wake. Tuliongojea tulikuwa wengi, kwa sababu timu nzima ilikuwa imeambiwa analeta washambuliaji. Alirudi jioni na vijana wawili. Mmoja mfupi, miguu kama chemchemi, huyu alikuwa mshambuliaji kweli na mpaka sasa anafunga. Wa pili alishuka nyuma yake akainama mlangoni mwa gari asigonge kichwa. Mikono yake ilifika magotini. Glavu kuukuu amezifunga kiunoni kwa kamba ya katani.

Nilikuwa na bakuli la unga mkononi. Nikaliweka chini.

"Wewe unacheza wapi, mwanangu?"

"Golini, bibi. Shikamoo."

Sikumwitikia. Nilimgeukia Kocha, naye alikuwa anajifanya anahesabu chenji ya nauli.

"Kocha."

"Bi mkubwa, ungemwona. Alidaka mpira mmoja kwa mkono wa nyuma, hivi, amekwisha kupitwa. Sijaona kitu kama kile tangu..." Akaacha. "Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya kiungo. Wallahi, jina la kiungo lilikuwa mdomoni. Ilipofika zamu yangu nikasikia sauti yangu inamtaja huyu."

"Wa kwanza au wa pili?"

Akaitia chenji mfukoni. "Wa kwanza."

Ndivyo alivyokuwa. Alimtoa kipa wa akiba, akalipwa kipa wa akiba, na kwa zamu aliyoihangaikia akamchagua wa kwanza kabla ya watu wote. Kijana yule sasa ana misimu miwili kwenye benchi. Kila Jumapili anakwenda glavu kiunoni, anarudi glavu kiunoni. Matofali yako kwenye kona. Mzee yuko kwenye kiti. Na kipa namba moja bado anafumba macho, maskini, ambaye nikimtazama sana naona na yeye amefungwa pale, kwa sababu siku moja alimwambia Saidi kwamba angependa kuuza dukani, mpira hajawahi kuupenda.

Kiharusi kilimpata Kocha sokoni, nguru mkononi. Wanasema bei ilikuwa imefika pazuri. Upande wa kushoto ulikufa, mdomo ukapinda kidogo, akili ikabaki. Waliomleta nyumbani walitaka kumlaza kitandani, wakachana nailoni. Alilia. Watu walidhani ni maumivu.

Mara ya mwisho nimekaa naye ni wiki hii. Nilimpelekea uji. Mtu aliyesimama maisha yake yote sasa wamemkalisha dirishani, na dirisha lile linatazama uwanja, kwa hiyo anaona kila kitu na hawezi kusugua mchanga. Timu inaangaliwa na msaidizi wake, kijana mmoja mwenye pikipiki, anayekuja kila jioni kupokea maagizo.

"Saidi anacheza?" akaniuliza. Huuliza kila siku.

"Anacheza."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Jezi zake sijui anafua nani, ila zinachafuka."

Akanyoosha mkono ulio mzima akaonyesha chini ya kitanda. "Kuna boksi dogo. Mpelekee."

Nikapiga magoti, na goti likalalamika, nikavuta mabegi na masufuria mapya mpaka nikalipata. Glavu za kipa. Karatasi ya dukani bado imefungwa. Alizinunua, akaniambia, msimu ule wa kwanza aliomchukua Saidi. Alikuwa amezitunza kwa ajili ya siku atakayompanga kuwa namba moja, amvishe mwenyewe mbele ya watu.

"Fungua. Uone zilivyo."

Nikafungua. Nyuma zilikuwa zinang'aa, nyeupe na kijani. Nikazigeuza. Ule mpira laini wa viganjani, unaoshika, ulikuwa umekauka wote. Nilipougusa kwa kidole ukapasuka, ukaanza kudondoka kwenye kanga yangu vipande vipande, kama maganda ya ukoko wa wali. Nikaijaribu ya pili. Hivyo hivyo.

Alitazama kanga yangu.

"Lakini ni mpya," akasema.

"Ni mpya, Kocha."

Nje vijana walikuwa wameanza mazoezi. Yule wa Miono alikuwa amekaa kwenye benchi, magoti juu, anaangalia kama alivyoambiwa. Kocha alimtazama, akatazama unga ule kwenye kanga, akamtazama tena.

"Bi mkubwa. Ukitoka, mwambie msaidizi wangu. Jumapili hii ampange wa Miono."

Nilisimama pale pale nilipokuwa, sikutaka hata ukili wa mkeka ulie chini ya miguu yangu. "Nimwambie?"

"Mwambie."

Nikakung'uta kanga, nikachukua bakuli la uji. Nilikuwa nimefika kizingitini.

"Bi mkubwa." Sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa anatazama kona, kwenye matofali. "Au mwambie... Jumapili ijayo."

Sikugeuka. Niliteremka, nikavuka mstari wa chokaa na bakuli langu mkononi, mpaka kwa msaidizi aliyekaa juu ya pikipiki yake.

"Kocha amenituma," nikamwambia, kwa sauti ya kufika kwenye benchi. "Jumapili hii anasimama golini wa Miono."

Msaidizi akashuka kwenye pikipiki. "Kocha mwenyewe kasema?"

"Kwa mdomo wake."

"Bibi, na matofali?"

"Mimi nimetumwa na Kocha. Sikutumwa na matofali."

Je, Kocha hakusema lingine baada ya hapo? Hilo hakuniuliza, nami sikumwambia. Lile la pili nimebaki nalo, niko nalo hapa, na Jumapili ni keshokutwa. Nilipogeuka kurudi kwangu, kijana wa Miono alikuwa amesimama. Alikuwa anafungua ile kamba kiunoni, fundo limekazana kwa kukaa sana, anahangaika nalo kwa meno.

Nikaliweka bakuli chini, nikaenda kumsaidia.